Mchoro Kwanza, Jiwe Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Vito na Malighafi za Mapambo ya Mkono

Karibu kila fundi wa mapambo ninayemfahamu ana kopo lake la mawe yasiyo na kazi. La kwangu lilikuwa kopo la majani ya chai, na kufikia mwaka wangu wa tatu katika shughuli hii lilikuwa limejaa ganeti zisizolingana ukubwa, amethisti mbili zilizopauka kwa kukaa dirishani, na kipande cha tanzanaiti chenye ufa nilichokinunua kwa sababu muuzaji alijua kukishika juani kuliko mimi nilivyojua kukitazama. Pesa zilizolala ndani ya kopo lile zingetosha waya wa fedha wa miezi kadhaa. Mwongozo huu ni kwa mtu anayetengeneza hereni, pete, vidani na bangili kwa mikono yake, awe Arusha, Mombasa au Lubumbashi, na unafuata mpangilio ambao ningeufuata tangu mwanzo kama ningepata wa kunielekeza: kazi ndiyo inayochagua jiwe, jiwe huchagua metali, na muuzaji hutafutwa baada ya hayo mawili kujulikana.

Hatua ya 1: Chora pambo kwa ukubwa wake halisi

Chukua karatasi ya miraba, chora pambo kama litakavyokuwa, kisha kando ya kila jiwe andika urefu, upana na kina chake kwa milimita. Kina husahaulika mara nyingi, nacho ndicho kinachosababisha jiwe la pete kugusa kidole kwa chini au kidani kugeuka kifudifudi kifuani. Andika pia idadi ya mawe, rangi unayoikubali na ile usiyoikubali, na bei ya juu kabisa utakayolipa kwa jiwe moja.

Ikiwa utatumia vikalio vilivyotengenezwa tayari, yaani zile sehemu za metali zinazoshika jiwe, chora kwa vipimo vinavyopatikana sokoni: duara za milimita 4, 5 au 6, na umbo la yai la 6 kwa 4, 7 kwa 5 au 8 kwa 6. Jiwe la 7.4 kwa 5.3 linaweza kuwa zuri sana na bado likakulazimisha kutengeneza kikalio chake peke yake, jambo ambalo si baya ila lina gharama ya siku nzima ya kazi. Kwa hereni, nunua jozi kwa pamoja na kutoka mkono mmoja, kwa sababu kulitafutia jiwe mwenzake baadaye ni sawa na kutafuta kiatu cha mguu mmoja mnadani.

Usiandike karati peke yake kwenye orodha yako. Karati ni kipimo cha uzito, na karati 1 ni gramu 0.2, lakini madini hayalingani uzito kwa ujazo. Safaya ya karati moja huonekana ndogo kuliko tanzanaiti ya karati moja kwa kuwa safaya ni nzito zaidi, hivyo anayenunua kwa karati bila rula anaweza kujikuta na mawe mawili ya uzito sawa yasiyoweza kukaa kwenye kidani kimoja.

Hatua ya 2: Linganisha ugumu wa jiwe na mahali litakapovaliwa

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10. Namba unayopaswa kuikariri ni 7, kwa sababu huo ndio ugumu wa kwazi, na chembe za kwazi zimo katika vumbi linalotua juu ya meza zetu kila siku. Jiwe lililo chini ya 7 likifutwa kwa kitambaa kikavu chenye vumbi hukwaruzika polepole hadi mng'ao wake unafifia. Rubi na safaya zina ugumu wa 9, spineli 8, tsavoraiti kati ya 7 na 7.5, amethisti 7, tanzanaiti kati ya 6 na 7, na malakaiti kati ya 3.5 na 4 tu.

Tanzanaiti inahitaji maneno zaidi, maana ndiyo inayoombwa sana na wageni na ndiyo inayorudishwa sana ikiwa imevunjika. Licha ya kuwa laini, ina upande mmoja inaopasukia kirahisi, kama kuni inavyopasuka kufuata uzi wake, na haipendi mabadiliko ya ghafla ya joto. Mimi huiweka kwenye hereni na vidani bila wasiwasi. Kwenye pete huizungushia ukingo mzima wa metali badala ya kucha nne za kuishikilia, na humwambia mteja waziwazi kwamba hiyo si pete ya kuoshea vyombo. Isioshwe kwa mashine ya mitetemo wala kwa mvuke, na isikaribiwe na moto wa kulehemu.

Malakaiti, ile ya kijani yenye mistari inayotoka Kolwezi na kwingineko katika ukanda wa shaba wa Kongo, ni ya hereni, vidani na shanga. Ukiikata au kuisugua mwenyewe, fanya hivyo kwenye maji na uvae barakoa, kwa sababu ni madini ya shaba na vumbi lake lina sumu. Asidi ya kusafishia metali huiyeyusha, kwa hiyo maliza kazi yote ya metali kabla ya kuliweka jiwe. Lulu na feruzi nazo huharibiwa na manukato na mafuta ya mwilini, na mvaaji aambiwe hivyo siku anayonunua.

Hatua ya 3: Jua majina, na ujue kila jiwe linatoka wapi

Lugha yetu ina majina ya kale ya vito yaliyokuja na biashara ya pwani: yakuti, zumaridi, feruzi, akiki, almasi, lulu, marijani. Ni majina mazuri kwa kuuzia lakini hayatoshi kwa kununulia. Yakuti imetumika kwa rubi na pia kwa safaya, na zamani ilitumika kwa karibu kila jiwe jekundu linalong'aa. Hata watawala wa Ulaya walichanganyikiwa, maana jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza, lililoitwa rubi kwa karne nyingi, ni spineli. Unapouliza bei, taja jina la madini, na umtake muuzaji aliandike kwenye risiti.

Tanzanaiti hutoka Mererani, wilayani Simanjiro katika mkoa wa Manyara, na hakuna mahali pengine duniani inapochimbwa kibiashara. Ilijulikana mwaka 1967, na mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany & Co. ya New York ikaipa jina inaloitwa hadi leo. Mwaka 2018 serikali ilikamilisha ukuta wa takriban kilomita 24 kuzunguka machimbo hayo ili kuzuia utoroshaji. Wanaapolo, kama wachimbaji wa huko wanavyoitwa, hutoa mawe ambayo mengi yana rangi ya kahawia au ya chai, na ule ubuluu tunaoujua hupatikana baada ya kuyachoma kwa joto la nyuzi 500 hivi au zaidi kidogo. Uchomaji huo ni wa kawaida, hauondoki na haupunguzi thamani, kwa hiyo muuzaji anayekuapia kwamba jiwe lake la buluu halijachomwa, na kwa sababu hiyo anaongeza bei, aambatanishe cheti cha maabara.

Tsavoraiti ni ganeti ya kijani. Mjiolojia Campbell Bridges aliikuta Tanzania mwaka 1967, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaikuta upande wa Kenya karibu na Tsavo, na jina likatokana na hapo mwaka 1974. Huchimbwa Taita Taveta na pia Simanjiro, na kwa upande wa Kenya mji wa Voi ndio kituo chake cha biashara. Uzuri wake kwa fundi ni kwamba kwa kawaida haichomwi wala haitiwi mafuta kama zumaridi, na ina mng'ao mkali hata ikiwa ndogo. Ubaya wake ni kwamba vipande vikubwa ni adimu na bei hupanda kwa kasi jiwe likipita karati mbili. Kwa hereni ndogo za milimita 3 au 4 sijaona kijani kinachoipita.

Mahenge, mkoani Morogoro, inajulikana kwa spineli nyekundu na za waridi, hasa baada ya mawe makubwa sana kupatikana huko mwaka 2007. Winza, wilayani Mpwapwa, ilipata umaarufu wa rubi na safaya katika miaka hiyohiyo. Tunduru, mkoani Ruvuma, ilikimbiliwa na watu katikati ya miaka ya 1990, na hadi leo hutoa mchanganyiko wa safaya, spineli, ganeti na mengineyo kutoka kwenye changarawe za mito. Bonde la Umba, mkoani Tanga, lina safaya za rangi ambazo vitabu haviziiti safaya: kijani ya mzeituni, chungwa iliyofifia, kahawia yenye zambarau ndani yake. Hayo ndiyo mawe ninayoyapendekeza kwa anayeanza. Yana ugumu wa 9, yanavumilia makosa ya mkono usiozoea, na kwa kuwa wanunuzi wakubwa hawagombanii rangi hizo, bei yake hubaki ya kibinadamu.

Longido, kaskazini mwa Arusha, kuna mwamba wa kijani wenye rubi ndani yake kama vipande vya nyama katika mchuzi wa mboga. Rubi hiyo kwa kawaida ni butu, haipitishi mwanga, lakini mwamba mzima ukikatwa umbo la mviringo laini na kung'arishwa hutoa kidani ambacho hakuna mteja atakayekiona kimefanana na cha jirani yake. Mkataji akumbushwe tu kwamba rubi ni ngumu kuliko kijani kinachoizunguka, na asiposugua kwa uangalifu nyekundu hubaki imesimama juu kama chunusi.

Hatua ya 4: Mfahamu muuzaji na leseni yake

Nchini Tanzania, Sheria ya Madini, Sura ya 123, haimruhusu mtu asiye na leseni kufanya biashara ya madini ghafi, na Kenya nayo ina masharti ya aina hiyo katika Sheria ya Madini ya mwaka 2016. Kijana anayekuvuta pembeni ya barabara na kukufunulia karatasi yenye mawe anaweza kuwa mwaminifu, lakini ukikamatwa nayo wewe ndiye utakayeulizwa yalikotoka. Tangu mwaka 2019 Tanzania imefungua masoko ya madini katika mikoa inayochimba, ambako wachimbaji, madalali na wafanyabiashara wenye leseni za Tume ya Madini hukutana, uzito hupimwa hadharani na mrabaha hukatwa hapohapo.

Kwa fundi mdogo asiyehitaji mawe ghafi, njia rahisi ni kununua mawe yaliyokwisha kukatwa kutoka kwa mfanyabiashara mwenye ofisi na leseni, na kudai risiti ya mashine ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) inayotaja jina la jiwe, idadi na uzito. Usiridhike na risiti iliyoandikwa "vito" basi. Risiti hiyo ndiyo itakayokutetea uwanja wa ndege na kwa mteja anayetaka kujua jiwe lake lilikotoka, na wateja hao wanaongezeka.

Nina kipimo kimoja cha muuzaji ambacho hakijanidanganya sana: mwombe akuruhusu kurudisha jiwe ndani ya siku saba ikiwa maabara italiita jina tofauti na lile aliloandika. Mwenye jiwe la kweli hukubali huku anacheka. Asiyekubali huanza kukueleza habari za ndugu yake aliyeko Bangkok.

Hatua ya 5: Kagua jiwe kabla ya kulipa

Beba vitu vitano: karatasi nyeupe, lenzi ya mkono inayokuza mara 10, tochi ndogo, rula ya milimita na mzani wa mfukoni unaosoma hadi gramu 0.01. Vyote huingia kwenye mfuko wa begi la shule.

Anza kwa kuliondoa jiwe kwenye karatasi ya muuzaji na kuliweka kwenye yako. Karatasi nyingi za kubebea mawe zina bitana ya buluu inayosaidia rangi. Litazame kivulini, kisha juani, kisha chini ya taa ya ndani, maana tanzanaiti ileile huonekana buluu zaidi mchana na zambarau zaidi chini ya taa ya manjano, na mteja wako ataivaa arusini usiku.

Kisha lizungushe taratibu. Tanzanaiti ina tabia ya kuonyesha rangi tofauti ukiitazama kutoka pande tofauti: upande mmoja buluu, mwingine zambarau. Kioo cha rangi kitakuonyesha buluu ileile kila upande. Hadi sasa hakuna tanzanaiti ya maabara inayouzwa sokoni, hivyo bandia unazokutana nazo ni vioo, zirkonia, au forsteraiti iliyotengenezwa maabara, ambayo ndiyo hatari zaidi kwa kuwa inafanana nayo hata kwa uzito. Forsteraiti hujifichua kwenye lenzi: ukitazama kupitia uso wa juu wa jiwe, mistari ya nyuso za chini huonekana miwilimiwili, kama vile unaona kizunguzungu.

Sasa mzani. Hiki ni kipimo ambacho mafundi wengi hawakijui ingawa hakigharimu kitu. Pima jiwe likiwa kavu na uandike uzito. Weka kikombe kidogo chenye maji juu ya mzani na urudishe mzani kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, lizamishe lote ndani ya maji bila kugusa chini wala ubavuni, ondoa viputo vya hewa, na usome namba. Gawanya uzito wa kavu kwa namba hiyo. Jiwe la gramu 1.00 likisoma 0.30 ndani ya maji, jibu ni 3.33, na hiyo inakubaliana na tanzanaiti ambayo ni takriban 3.35. Likisoma 0.40, jibu ni 2.5, na umeshika kioo cha kawaida. Tsavoraiti na spineli zote huwa karibu na 3.6, rubi na safaya 4.0, kwazi na amethisti 2.65, na zirkonia hupita 5.6. Jiwe likiwa chini ya nusu gramu, mzani wa mfukoni hauna uhakika wa kutosha, kwa hiyo rudia mara tatu au yaweke kadhaa ya aina moja kwa pamoja. Kioo chenye risasi kinaweza kufikia uzito wa vito halisi, na ndiyo maana mzani hautoshi bila lenzi.

Rubi zinahitaji tahadhari ya pekee. Rubi za bei ya chini zenye nyufa nyingi hujazwa kioo chenye risasi ili nyufa zisionekane, na jiwe linalotoka hapo ni nusu rubi nusu kioo. Nililijua hili kwa gharama. Nilinunua jiwe jekundu la umbo la yai kwa bei iliyonipendeza mno, nikaliweka kwenye pete ya mteja, na miezi miwili baadaye pete ikarudi ili ipanuliwe. Nililehemu huku jiwe likiwa mahali pake, kwa kuwa rubi ya kweli huvumilia moto wa namna hiyo ukiwa mwangalifu. Pete ilipopoa, uso wa jiwe ulikuwa umejaa mistari myeupe kama sahani ya udongo iliyopasuka, kioo kikiwa kimechuruzika kutoka kwenye nyufa. Nililipa jiwe jipya mimi. Siku hizi huinamisha kila rubi chini ya tochi na kuitazama kwa lenzi: viputo vya hewa vilivyobanwa ndani ya ufa, na mmeto wa buluu unaopita haraka jiwe linapogeuzwa, ni dalili za kioo. Jiwe la namna hiyo si haramu kuuzwa, mradi liuzwe kwa jina lake na kwa bei yake.

Kwa feruzi na mawe mengine yasiyopitisha mwanga, lowesha pamba kwa asetoni ya kuondolea rangi ya kucha na usugue upande wa nyuma au ndani ya tundu. Pamba ikigeuka buluu, umenunua jiwe jeupe la haulaiti au magnesaiti lililopakwa rangi. Omba ruhusa kabla ya kufanya hivyo, na ukinyimwa, umeshajibiwa.

Hatua ya 6: Amua kati ya jiwe ghafi na lililokatwa

Jiwe ghafi huonekana rahisi hadi upige hesabu. Chukua mfano wa kipande cha gramu 10, ambacho ni karati 50. Mkataji mzuri hubakiza robo hivi ya jiwe, wakati mwingine theluthi, hivyo utapata karati 12 au 13. Bei uliyolipa kwa karati ghafi izidishe mara nne, ongeza malipo ya mkataji, kisha linganisha na bei ya jiwe lililokatwa la ubora huohuo dukani. Kwa ninavyoona, fundi anayehitaji mawe matano kwa mwezi hana sababu ya kugusa ghafi, achilia mbali suala la leseni. Isipokuwa ni mwamba wa kukatwa umbo la mviringo, kama ule wa Longido, ambapo upotevu ni mdogo na kosa halifilisi.

Ukitaka kujifunza kukata, Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, kinachofundisha ukataji, ung'arishaji na utambuzi wa vito. Hata usipojiunga, mkataji aliyesomea atakuelewa unapomwambia ukanda wa jiwe, yaani ukingo unaolizunguka katikati, usiwe mwembamba kama wembe, maana huo ndio unaovunjika unapokunja ukingo wa metali.

Hatua ya 7: Tafuta metali inayolifaa jiwe

Fedha ya mapambo ni ya 925, yaani sehemu 925 za fedha safi na 75 za shaba katika kila 1,000. Ukinunua fedha safi ya chembe na kuichanganya mwenyewe, gramu 37 za fedha na gramu 3 za shaba hukupa gramu 40 za 925. Muhuri peke yake si ushahidi, kwa kuwa muhuri hununuliwa. Jaribu kwa sumaku, ambayo haipaswi kuvuta, kisha kata ncha ya waya na utazame ndani kama kuna rangi nyingine chini ya upako.

Masonara wa zamani wa Unguja walikuwa wakiyeyusha reale za Maria Theresa kwa ajili ya vikuku na bangili. Reale moja ina gramu 28 hivi, na fedha yake ni asilimia 83 tu, hivyo bangili iliyotokana nayo haifikii 925 bila kuongezwa fedha safi. Ukirithi reale nzima, iache kama ilivyo au uifanye kidani, kwa sababu sarafu ina thamani kuliko donge.

Dhahabu ya karati 18 ina asilimia 75 ya dhahabu safi, ya 21 ina 87.5, na ya 22 ina 91.6. Hapa karati ni ya usafi, si ya uzito, na wateja huchanganya hizo mbili kila siku. Wateja wa pwani waliozoea mikufu ya Dubai na Oman hupenda 21 na 22, lakini kwa kushika jiwe mimi hutumia 18, kwa kuwa dhahabu safi zaidi ni laini na kucha zake hufunguka.

Shaba ya manjano inayoyeyushwa kutoka kwenye makufuli na mabomba ya zamani, kama wafanyavyo mafundi wa Kibera, ni nafuu na ina rangi ya kupendeza. Yeyusha mahali penye hewa, maana zinki iliyomo hutoa moshi mbaya, na usiitumie kwa sehemu inayopita sikioni kwa kuwa vifaa vya bomba mara nyingi huwa na risasi kidogo. Sehemu hiyo iwe ya fedha au ya chuma kisichoshika kutu cha daraja la tiba, waya wa milimita 0.8. Nikeli ndiyo inayowawasha watu masikio, nayo hujificha chini ya upako wa vifaa vya bei rahisi.

Hatua ya 8: Shanga, nyuzi, na vitu vya nchi kavu na bahari

Shanga ndogo za kioo wanazoshonea akina mama wa Kimasai nyingi bora hutoka Jamhuri ya Cheki. Namba ikipanda ushanga hupungua, kwa hiyo namba 11 ni ndogo kuliko namba 8. Mimina kiganja kimoja kwenye sahani na uzitazame: zikiwa nene kwa nyembamba, ukosi wako utapinda. Nunua rangi yote ya kazi nzima kwa siku moja, kwa sababu nyeupe ya mwezi huu na nyeupe ya mwezi ujao si ndugu. Kwa uzi, nailoni ya kushonea viatu au mshipi mwembamba wa kuvulia hudumu, na nimeona mama mmoja sokoni akichomoa nyuzi za gunia la sandarusi na kupata kazi imara kuliko yangu.

Pembe na mifupa ya ng'ombe hupatikana machinjioni kwa pesa kidogo, lakini mfupa lazima uchemshwe hadi mafuta yaishe, la sivyo utageuka manjano na kunuka. Vipande vya mpingo huombwa kwa wachongaji, kama wale wa Mwenge jijini Dar es Salaam, ambao mabaki yao yanatosha hereni za mwaka mzima. Vumbi la vyote hivi halivutwi, barakoa ni lazima. Kifuu cha nazi ni bure na hung'aa kwa mafuta yake yenyewe.

Pembe ya ndovu na gamba la kasa ni marufuku, hata viwe vya kurithi na hata muuzaji aseme ni vya zamani. Kuhusu mbegu, zile nyekundu zenye doa jeusi zinazovutia sana zina sumu kali ndani, na kuzitoboa huifungua sumu hiyo. Mimi sizitumii kwa chochote kinachoweza kufika mdomoni mwa mtoto.

Hatua ya 9: Kuagiza kutoka mbali

Vishikizo, minyororo na vipete vya kuunganishia mara nyingi hutoka nje. Agiza sampuli ndogo kwanza, na uingize ushuru na usafirishaji katika bei ya kila kipande kabla ya kusema ni nafuu. Vito vya rangi sinunui kwa picha hata kidogo, kwa kuwa simu huongeza rangi yenyewe.

Hatua ya 10: Bahasha na daftari

Kila jiwe linapoingia mezani kwangu hupata bahasha yake ndogo siku hiyohiyo, kabla ya chai. Juu yake naandika jina la madini, vipimo kwa milimita, uzito, mahali lilikochimbwa kama muuzaji alivyoliandika, matibabu kama kuchomwa au kujazwa, namba ya risiti, bei, na jina la mchoro lililonunuliwa kwa ajili yake. Hayo hayo huingia daftarini. Lulu na feruzi hukaa kwenye kitambaa peke yake mbali na safaya, ambayo hukwaruza kila kilicho jirani. Amethisti haikai dirishani. Jiwe lisilo na jina la mchoro halipati bahasha, na kwa kuwa halina bahasha, halina pa kukaa isipokuwa lile kopo la majani ya chai, ambalo sasa lina mawe kumi na moja na kifuniko chake nimekifunga kwa utepe.